Springi ya Pikipiki ya Baba Yako

Kilindoni, Mafia
Mwezi wa Rajabu

Kwa mwanangu mpenzi Hamdu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Dar es Salaam, wewe na mkeo Zuleikha na mjukuu wangu. Kile kifua chako kimepoa? Usilale dirisha wazi, na mafuta ya karafuu usiache kujipaka. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila roho yangu ndiyo haijatulia. Nivumilie na mwandiko wangu, naandika kwa herufi za chuoni kama ujuavyo, za kizungu sikufundishwa.

Baba yako mzima, pikipiki yake ndiyo mgonjwa. Ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, springi yake ilikatika njia ya Kirongwe, na pini za upande mmoja zimelika. Chombo chenyewe cha tangu kabla ya vita. Fundi Shamte ameufunga kwa mipira ya baiskeli, lakini wapi! Ikiguswa breki inasujudu, na ikisukumwa inakwenda imelala upande. Shamte kasema bila hiyo springi mpya aliyokuagiza baba yako, hata Kiegeani hapo jirani haifiki.

Basi baba yako yuko kwangu. Zamu ya Jokha huko Kirongwe imepita, na nyingine, na nyingine. Kwa miguu hawezi, goti lile unalijua, na lori la kubeba mbata za nazi haliji mpaka msimu. Sikufichi mwanangu, nimenenepa kwa furaha. Wewe hujui nilivyoishi na mlio wa pikipiki ile. Siku ya kwenda kwa mke mwenzangu, pikipiki hupanguswa mpaka ing'ae, na kanzu ikafukizwa udi. Akirudi kwangu, ni vumbi na kulala. Hata wewe mwaka jana ulikwenda kula kwa Jokha, ukarudi unasifu mkate wake wa kumimina. Nikaendelea kuosha vyombo. Lakini nilisikia.

Juzi huyo Jokha akaja mwenyewe, kwa miguu kutoka Kirongwe, kikapu cha korosho kichwani. Nikajua leo ni vita, nikakaza kanga yangu. Naye akaniamkia, shikamoo dada, akakaa mkekani, akasema huyu mume wetu siku hizi naye afungwe mipira kama pikipiki yake. Nikacheka bila kutaka. Kisha akasema hakuja kugombana, kosa si langu, ni la chuma. Anayemhofia ni mzee, maana mume asiyewafanyia wakeze uadilifu atafufuliwa ubavu mmoja umeinama. Akaniomba, kwa kuwa yeye hajui kuandika, nikuandikie mimi uiharakishe hiyo springi.

Na baba yako amekukasirikia, hata barua amekuandikia. Anasema mji umekulevya, umemsahau aliyekulea, wala hatakutuma tena.

Mwanangu, springi yako imefika kitambo. Nahodha Muhidini aliileta pamoja na pini zake wakati baba yako yuko msikitini. Nikaipokea, nikaifukia ndani ya debe la mchele na kitambaa chake. Kila nikichota mchele wa kumpikia, mkono wangu unaigusa.

Tangu Jokha aondoke siwezi kuitazama ile pikipiki hapo uani ilivyolala upande. Anayefanya dhuluma si baba yako. Mimi ndiye ninayemwinamisha. Basi barua yake ya hasira ikikufikia usimjibu vibaya, wala usimdanganye kwamba chombo kilichelewa baharini. Nitamwambia mwenyewe kesho, akishakula. Nimemwekea samaki changu wa nazi, angalau aondoke ameshiba vya kwangu.

Wivu haujanitoka, usidhani. Siku atakapoiwasha nitaingia ndani nizibe masikio.

Msalimu Zuleikha, mjukuu wangu mbusu mashavu yote mawili. Na kuna neno nilitaka kuliacha, lakini niliagizwa nami nikaitika: mama yako mdogo Jokha anakusalimu sana, anasema ukija usikose kupita kwake, mkate utaukuta.

Ni mimi mama yako akuombeaye kila sala,
Biubwa binti Mbaraka