Sare Nyeupe

Barking, London, Jumapili

Na sare wamechagua nyeupe! Jamani, hawa watu.

Nilikwenda ukumbini kuwaomba Wazanzibari wenzangu wa hapa wanichangie nikashindane mbio za ski, za kuteleza kwenye theluji, huko Austria, kwa jina la Tanzania. Nilidhani wataniuliza, Mzanzibari na theluji wapi na wapi? Kumbe Bi Zuhura, ambaye hapa mtaani hakuna harusi isiyopita mikononi mwake, alisema tu, "Basi tufanye kama tunavyofanya siku zote."

Kwa hiyo sasa nina kamati, mweka hazina na mtu wa pilau. Wakabishana sana juu ya sare, mpaka mama akasema, "Nyeupe, ifanane na theluji." Wakampigia makofi. Wanakuja kweli, basi zima!

Naogopa kuanguka mbele yao. Goti bado linauma, na mama hajui.

Nilishindwa kuwaambia kwamba juu ya theluji nguo nyeupe haionekani. Nitashuka mlima mzima nisimwone hata mmoja wao.

Haidhuru. Vigelegele vya Bi Zuhura navijua. Nitavifuata hivyo hivyo mpaka chini.