Krismasi Niliyoacha Tui Motoni

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa Bi Rukia, nimekalia mbuzi ile ile uliyokuwa ukikunia nazi. Wageni wamevuka kwenda kisiwa cha Manda na nyumba imetulia. Jana ilikuwa Krismasi, na mpaka saa hii roho haijanitulia. Nikisubiri itulie sitakuandikia kabisa.

Unakumbuka Krismasi zetu? Sisi watoto tukiamka roho iko kwenye nguo mpya na soda. Wewe ulishajifunga kitambaa, Biblia kwapani, umesimama mlangoni kama askari. "Mwenye siku ni nani?" Hatutoki mpaka tujibu. Mdogo wangu Daudi aliwahi kukujibu, "Kuku," ukacheka mpaka ukakaa chini. Lakini soda yake hakuiona mpaka tuliporudi kutoka kanisani.

Na Ramadhani za nyumba hii, unazikumbuka? Ulipika futari ya watu wote, na katika watu wazima ni wewe peke yako uliyeruhusiwa kuonja. Hukuonja. Ulisema huwezi kula mbele ya waliofunga. Bi Rukia akiita kutoka juu, "Priska, munyu watosha?" ulinipa mimi kijiko, mtoto wa miaka sita, nami nikitikisa kichwa ulimjibu, "Watosha, Bi." Nilijiona mtu mkubwa sana mtaa mzima wa Mkomani, chumvi ya nyumba ya watu iko kwenye ulimi wangu.

Mama, tangu ulipotuacha nimeshika meko yako, na kwa miaka mitatu sikwenda kanisani siku ya Krismasi. Bi Rukia magoti yanamsumbua, hashuki mara kwa mara, na nyumba hii ya wageni anaiendesha mwanawe Swaleh. Desemba hakuna kitanda kitupu. Mwaka huu Swaleh kanunua mti wa plastiki, kausimamisha uani, kaniuliza, "Neema, hii nyota inakaa juu ama kando? Si ni yenu?" Nikapanda ngazi nikaifunga. Nikatundika taa, nikaoka keki, nikakunja vitambaa vya meza kwa umbo la malaika. Biblia yako iko juu ya kabati la vyombo, na mwezi mzima sikuigusa ila siku nilipoisogeza kutafuta mdalasini.

Ningekwenda hivyo hivyo mwaka wa nne, lakini sasa kuna mtoto. Nimezaa msichana, mama, ana miezi saba, na jina lake unalijua. Mchungaji huja kwetu kutoka bara siku ya Krismasi tu, anaongoza ibada asubuhi, kisha anapanda boti kwenda kusalisha kwingine. Alituambia wazi kwamba wazazi wote wawili wawepo wajibu maswali, la sivyo mtoto habatizwi. Nikamwendea Swaleh.

"Neema, usinifanyie hivyo," alisema, hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Krismasi ndiyo siku yetu kubwa. Full house! Lunch saa sita. Nenda Jumapili nyingine."

"Jumapili nyingine mchungaji hayupo."

"Basi mwakani. Ama nitafute mpishi mwingine?"

 Mume wangu Josefu kazi yake ni ya leo ipo kesho haipo, na hii ndiyo inayotulisha. Nilirudi jikoni nikapara samaki kwa hasira mpaka nikajikata.

Asubuhi ya jana Josefu akatangulia kanisani na mtoto. Nilijidanganya kwamba nitamaliza mapema. Samaki walishachomwa, wali umekauka vizuri, limebaki tui zito la kupaka. Na tui unalijua. Ukiligeuzia mgongo linakatika, na likikatika limekwisha. Nikasimama nakoroga. Simu ikalia. Josefu, "Mchungaji amefika." Nakoroga. "Wameanza kuimba." Nakoroga. "Tumeitwa tukae mbele. Uko wapi?"

Nikaona wazi kama ninavyoiona karatasi hii kwamba nitabaki pale. Nitakoroga tui la sikukuu ya Yesu mpaka mwanangu akose ubatizo wa Yesu. Nilisikia sauti yako ikiniuliza lile swali lako, na nikaogopa, kwa sababu jibu nililokuwa nalo ni samaki.

Nikapunguza moto, nikavua aproni, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nikauzunguka ukuta ili Swaleh asinione kutoka darini, na hapo ndipo njia, ndia kama wasemavyo wenyewe, inapita mbele ya daka, kibaraza cha mlangoni. Bi Rukia alikuwa amekaa pale barazani, na bakora yake. Siku ambayo sikutaka ashuke ndiyo siku aliyoshuka.

"Wenda wapi, Neema?"

 Nilikuwa na uongo tayari, kwamba naenda kutafuta ndimu. Sijui kwa nini haukutoka.

"Naenda kanisani, Bi. Mtoto anabatizwa. Swaleh amenikataza, nami naenda."

 Alikasirika, mama, alikasirika kweli, bakora ikapiga sakafu.

"Watoroka? Mamako hakutoroka hata siku moya! Alikuwa akinambia, nami nikishika meko, yeye akenda zake kuswali. Na Ramadhani yeye akishika, mimi nikasoma Kurani yangu. Hayo hukuyayua?"

"Sikuyajua, Bi."

"Miaka yote hii nakuona siku yenu u mekoni, nimesema huyu mwana ametoka dinini mwao. Nikaona haya kukuuliza." Akanyanyuka kwa taabu. "Mekoni kuna nini?"

"Tui, Bi. Liko motoni."

"Na wasimama hapa kunitizama? Enda!"

Nikakimbia. Njiani punda waliobeba mawe wameziba kichochoro, nikapita katikati yao, nguo ikachanika pindoni. Nimeingia kanisani mchungaji anafunga kitabu. Josefu aliniona, akafumba macho; mchungaji akakifungua kitabu tena.

Sitakudanganya. Nilisimama mbele ya madhabahu nikajibu kwamba namkataa shetani na kazi zake zote, na akili yangu iko kwenye tui. Nilikuwa nanuka moshi na bizari. Halafu mchungaji akachota maji, akaita, "Priska." Sikuwa nimelisikia jina hilo kanisani tangu tukuzike. Mtoto akapiga kelele kwa baridi ya maji, na kila kitu kikanitoka kichwani, tui, Swaleh, saa sita. Nikakumbuka kwamba huyu Bwana mwenyewe alizaliwa nyumba za wageni zimejaa, mamake hana pa kumlaza. Nililia, mama. Mwenye siku nilimwona.

Tumerudi sote watatu, nimejiandaa kufukuzwa. Swaleh amenuna kwenye ngazi, anaangalia saa, kwani chakula kilichelewa na mgeni mmoja alishalalamika.  Mpaka sasa hajanisemesha, na sijui kesho atasema nini.

Ndani, Bi Rukia alikuwa kwenye kigoda mbele ya jiko, buibui kalivua, jasho linamtiririka, anakoroga. Tui lilikuwa jeupe, laini, halikukatika.

"Jina mumempa nani?" aliuliza bila kugeuka.

"La mamangu, Bi."

Mwiko ukasimama.  Kisha Bi Rukia akachovya ncha ya kidole kwenye tui, akaipuliza ipoe, akaigusisha mdomoni kwa mtoto.

"Priska," akasema, "munyu watosha?"

Mtoto akaramba midomo. Mimi ndiye niliyejibu.

"Watosha, Bi."

Lala salama, mama. Ramadhani haiko mbali, na meko nitayashika mimi.

Ni mimi bintiyo,
mwonjaji wako wa chumvi.