Wiki ya Kuwasha Pete

Jumatatu, 3 Machi
Mota ya kisima cha Butere iliungua. Nimeifunga waya upya kwa siku moja. Lurambi hakuna fundi mwingine kama mimi, na wanajua. Binti yangu Nekesa alipiga simu kutoka Ulaya. Kazini kwao wanajenga upya mashine, pete kubwa, elektroni zinakimbia ndani zikitoa mwanga wa kuonea vitu vidogo kuliko vumbi. Sasa wanataka mwanga mkali zaidi. Nikamwambia sumaku ni kazi yangu, aniajiri. Alicheka sana. Sikumwambia mama yake amelazwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nekesa amenieleza tena na nimeelewa, mimi wa darasa la saba! Mwanga ukolee, elektroni zibanwe ziwe nyembamba kuliko unywele. Kubana kunataka sumaku kali. Sumaku kali zinataka nyingine za kuzirekebisha, na hizo zinaacha njia finyu. Elektroni ikiyumba kidogo, imegonga ukuta, kwisha. Zikisongamana zinapigana teke zenyewe. Hata lori likipita nje, mambo yanatikisika. Wiki ijayo wanawasha. Niliwaeleza mafundi wenzangu mpaka chai ikapoa.
Daktari anasema ini la mke wangu halitapona. Mama Nekesa akanishika mkono: "Baba Nekesa, mwite mtoto." Nikasema tungoje wawashe pete kwanza. Kama lori linawatikisa, sembuse habari hii?

Jumanne, 11 Machi
Nekesa ameuliza mama yuko wapi. Nikasema ameenda maombi ya akina mama. Nadanganyanga vizuri. Elektroni zao zinazunguka kidogo, zinapotea. Alikuwa analia kwa uchovu. Ningeanzia wapi?

Ijumaa, 14 Machi
Mama Nekesa ametuacha. Saa nne asubuhi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemwambia. Pete iliwaka jana. Nekesa akasema: "Baba, kazi hii tuko zaidi ya watu mia. Mama alikuwa na mimi peke yangu."
Mimi mjinga. Nimetembea Mombasa mpaka Kampala, na bado mjinga.

Jumamosi, 22 Machi
Tumezika. Tulingoja Nekesa afike. Kwetu maiti humngoja mtoto. Mgonjwa ndiye nilimnyima mtoto. Watu walinisifu kwa kumsomesha. Niliona aibu.

Jumanne, 25 Machi
Leo tumenyolewa kwa desturi yetu, sisi wafiwa. Nekesa alikaa mkeka mmoja na mimi. Aliniuliza kama mama alimtaja. Nikasema kila siku. Ni kweli. Alifagia nywele zangu pamoja na zake, akaenda kuzifukia.