Gitare ya Papa Imewekwa Chuma

Bukavu, tarehe 5 mwezi wa sita 2023

Mudogo wangu Bruno,

Yezu asifiwe. Uko muzima huko Uvira? Tumbo ilipona? Sisi tuko, ni miguu ya Maman tu inavimba kidogo, Mungu anatushika. Simu sikupigii. Kwa simu ningekutukana, na nimetoka kukomunika kanisani.

Nani alikutuma? Tunarudi misa ya kwanza, tunakuta gitare ya Papa pa kiti yake, imewekwa mekanike za chuma pa nafasi ya vijiti, kama za orkestre! Vile vijiti vya kukaza makamba, Papa alivichonga na kisu yake mwenyewe, umevitupa mu sashe kama maganda ya viazi. Na kichwa ya gitare umeitoboa na perseze! Kisha ukapanda bisi bila kuaga.

Desturi ya hii nyumba unaijua. Tangu tuzike Papa, hakuna mutu anapiga ile gitare. Ni Maman peke yake, kila mangaribi mbele ya rozari, anapitisha kidole mara moja mu makamba yote. Papa aliiakorde, alikaza kila kamba sauti yake, akiwa mugonjwa, ile sauti ni mukono yake. Sasa mukono ya Papa iko wapi, Bruno?

Maman haigusi tena. Misa ya mwaka ya Papa inakaribia, padri atakuja kuisoma hapa nyumbani, na Maman anasema hataimba. Barua hii nimepatia shofere ya bisi. Nijibu.

Dada yako mukubwa,
Eulalie


Uvira, tarehe 12 mwezi wa sita

Yaya Eulalie,

Amani ya Bwana. Umeamukaje? Tumbo ilipona, joto ya huku ndiyo inataka kuniua. Umukande Maman miguu na maji ya chumvi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama juu ya hasira. Unanionea! Kupika unajua, kusali unajua, lakini sikio ya muziki Mungu hakukupatia, hata Papa alikuwa anakuomba uimbe polepole. Muti haishiki kamba. Mvua ikinyesha inavimba, jua ikiwaka inateleza. Sauti ya Papa ilipotea mbele hata udongo ya kaburi ikauke. Nani alikuwa anairudisha, malaika? Ni mimi! Kila siku ya Mungu, mukiwa misa, nilikuwa napita mulango ya nyuma, napaka vijiti chaki, nakaza kamba moja moja, naenda.

Sasa kazi imenileta huku. Nani angekaza, wewe? Nikaona heri mekanike. Iko na meno, ukikaza hairudi nyuma. Hata nikikosa kufika mwaka muzima, Maman atasikia Papa. Na munaniita muharibifu!

Maman usimwambie.

Mudogo wako,
Bruno


Bukavu, tarehe 20 mwezi wa sita

Bruno,

Salamu. Afya yako utaniambia mwenyewe.

Nilimwambia. Ukasirike, sawa. Alikuwa anachambua majani ya sombe, hakuinua hata kichwa. "Eulalie, unafikiri mimi ni kiziwi? Papa yenu sikio ya kushoto ilikufa zamani. Kamba nene alikuwa anaiacha sauti chini kidogo, miaka yote. Kisha ya mazishi ikawa sawa kabisa. Nikajua ni Bruno."

"Sasa kila mangaribi ulikuwa unasikiliza nini?"

"Kama mutoto alipita. Makamba ikilegea, najua hakufika, namuombea. Ikikaa sawa, najua mutoto yuko muzima. Hiyo chuma haisemi kitu. Iko sawa leo, itakuwa sawa kesho, hata mutoto akifa."

Umesikia, kichwa ngumu? Mimi hasira haijaisha. Nakukasirikia juu ya perseze, na Maman pia namukasirikia. Munaongea kwa makamba juu ya kichwa yangu, mimi niko jikoni nageuza bugali!

Jana mangaribi Maman alishika mekanike ya kamba nene, akailegeza yeye mwenyewe mpaka ikalia kama mbuzi. Akarudisha gitare pa kiti. Anasema mutu asiiguse mpaka mwenye kuikaza afike, na safari hii apite mulango ya mbele.

Shofere anarudi kesho kutwa. Nijibu upesi.

Dada yako,
Eulalie