Bonasi Iliyoishia Miguuni

Jumamosi, 18 Oktoba 1997

Nilimwambia. Bonasi ya chai, yale malipo ya mwaka ya wakulima, ilipotoka nilimwambia Baba kwamba katika haya mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, baiskeli ndiyo inayoniangusha. Nilimwomba tairi mpya na raba za breki tu.

Alicheka. "Chepkirui, wewe ni Mkipsigis. Sisi tunashinda kwa miguu." Akaninunulia viatu vya mbio, vya bei, akavionyesha majirani wote pale kituo cha kupimia chai.

Leo shuleni walikuwa wakichagua timu. Nilitoka bwawani nikiwa wa pili. Kwenye mteremko wa kwanza breki zilikataa, nikaingia ndani ya shamba la chai na baiskeli yote, tairi likapasuka. Joyce wa darasa letu akanipita akicheka. "Ukiwa hapo chuma chai kabisa, dada! Majani mawili na chipukizi, kama wachumaji!"

Jioni Baba akaniuliza, "Ulikimbia namna gani?"

"Sikukimbia, Baba. Mbio zinakuja baada ya baiskeli."

Akafikiri kidogo. "Hao walimu nao. Si wangeanza na mbio?"

Nafasi yangu amepewa Joyce, na Baba amelala akiwa na hakika kwamba alinifanyia yote.