Chipu ya Kulala Chali

Karakana ya ghorofani,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumatano, 9 Julai.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mkazamjomba bado anakufichia miwani ili upumzike? Sisi huku miili ni mizima, ila moyo wangu hautulii, na wewe sitakuficha.

Dada yako sasa hasikii kabisa. Mwezi uliopita sufuria iliungua mpaka pazia la jikoni likashika moto, naye yuko chumba cha pili anashona. Kaka amekata shauri: mwisho wa mwezi Mama ahamie kwake. Mama hakubisha. Wewe unamjua, lini alikubali jambo bila kubisha? Hilo ndilo linaloniumiza.

Nilimwomba kaka muda. Nimebuni kifaa cha vipande viwili: kimoja kinakaa jikoni, kingine Mama anakivaa mkononi, na moshi ukizidi kinamtetemesha. Kikifanya kazi kabla ya mwisho wa mwezi, Mama anabaki kwake. Bodi tatu za majaribio, vile vibao vya saketi, zimefika, na kesho asubuhi ndiyo zamu yangu kwenye mashine ya kubandika vipuri. Nikiikosa, nyingine ni mwezi ujao.

Leo nimeshinda nikiandaa. Nimepanga vipuri kwenye vifuko, kila kifuko na namba yake, nikaongeza vya akiba, maana ni vidogo hivi kwamba ukipiga chafya umevipoteza. Mwisho nikaweka chipu kuu juu ya bodi ili nitie alama mguu wa kwanza. Mjomba, miguu yote minane imegeuka, ya kushoto iko kulia. Kwenye mchoro wa bodi nimeichora kama inavyoonekana kwa chini!

Na kosa hili lina baba yake. Ulinifundisha kazi redio zikiwa zimelazwa kifudifudi, nikihesabu miguu kutoka upande wa chini, wenye risasi ya kuchomelea, hadi leo mkono wangu unachora hivyo wenyewe.

Fundi wa mashine, mama mmoja asiyejua utani, aliitazama kwa lenzi. "Binti, chipu hii mashine yangu haiwezi kuibandika. Vingine nitakubandikia, hii utaibandika mwenyewe. Ilaze chali, miguu juu."

Nikakumbuka ulivyofanya vilevile kwenye redio ya Mama, naye akalalamika kwamba umemwekea mende aliyekufa. Mende yule aliimba miaka sita.

Nilikuwa na chipu nne. Ya kwanza nimeikunja miguu ili ifike kwenye bodi, mmoja ukakatika. Sasa hakuna hata moja ya akiba. Naogopa, Mjomba. Kaka sijamwambia.

Mama nimemwambia habari ya huyu mende mpya, kwa kumwandikia kwenye karatasi. Nilimkuta anafunga vyombo vyake kwenye magazeti, kimoja kimoja. Alisoma, akacheka kidogo, akaendelea kufunga.

Msalimie sana mkazamjomba, na binamu yangu Domo Kaya, mwambie namdai barua. Mungu akutunzie macho na huo mgongo. Mama naye anakusalimu. Vikombe vyote ameshavifunga isipokuwa kile chako cha bati. Nilipomwonyesha kwa kidole kwamba amekisahau, alinijibu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, maana siku hizi hasikii hata sauti yake mwenyewe: "Hicho kiache hapo. Nataka kwanza nimwone mende wako."

Ni mimi mpwa wako, nakupenda na nakulaumu kidogo,
Sindano