Kitambaa kwenye Bomba la Petroli

Kaka yangu,

Huku wote wazima, na paka wako amezaa. Ila jana ile injini uliyotubadilishia ilizima katikati ya mlima. Pikapu ikarudi nyuma, Mama akiwa ndani, breki ikashika ukingoni kabisa.

Kabureta niliikuta kavu. Nikachomoa bomba la kutoka kwenye tangi, petroli ikadondoka kwa kusuasua. Nikapuliza, kikatoka kipande cha ovaroli yako. Ulizibia bomba uchafu usiingie, ukasahau kukitoa, ukasafiri.

Baba amemfukuza mjomba aliyetupatia injini, eti alijua ni mbovu. Jumapili mjomba anakuja kuomba radhi. Kitambaa kiko mfukoni mwangu, sijamwonyesha mtu. Mpigie Baba simu kabla mjomba wa watu hajapiga magoti.

Dada yako, mikono ingali inanuka petroli.